Vingunguti na Majina ya Mitaa ya Dar es Salaam

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za Vingunguti, mahali palipo pembeni mwa mji wa Dar es Salaam, na kwa njia yake kueleza jinsi mitaa ya mji huu ilivyopata majina. Huenda mtu akauliza: Kwa nini Vingunguti? Mbona hatukuchagua Kariakoo yenye soko, au Oysterbay yenye bustani na upepo wa bahari? Jibu letu ni fupi. Historia ya mji aghalabu huanzia bandarini. Mwandishi husimama ufukoni, akaona jahazi la Sultani, kisha manowari za Wajerumani, kisha meli za Waingereza. Naye akigeuka kutazama bara, huuona mji mpaka pale barabara yenye lami inapokoma. Lakini watu wengi wa Dar es Salaam hawakuishi bandarini. Waliishi, na wangali wakiishi, katika mahali kama Vingunguti. Basi, atakaye kuujua mji huu hana budi kuingia kwa mlango wa nyuma.

Na katika mlango huo wa nyuma hakuna majengo ya kale ya kutazama, wala nyaraka nyingi za kusoma. Kilichopo ni majina. Twasema tangu mwanzo kwamba jina la mahali si sauti tupu ya kuwaelekeza wageni. Kwa watu wasiopimiwa viwanja wala kupewa hati, jina ndilo daftari la kwanza la historia yao. Hilo ndilo tutakalolionyesha.

Hapo kale, kabla ya Dar es Salaam, palikuwa na kijiji cha pwani kiitwacho Mzizima, na nyuma yake, kuelekea vilima vya Pugu na Kisarawe, ilikuwa nchi ya Wazaramo. Walilima mihogo, mpunga na mtama, wakapanda minazi na miembe, nao walibadilishana mali na Washomvi wa pwani waliovua samaki na kuchemsha chumvi. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Unguja aliipenda bandari ile iliyojificha, akaanza kujenga mji wake hapo, ukaitwa kwa Kiarabu Dar es Salaam, yaani makao ya salama. Sultani Majid alifariki mwaka 1870, na ndugu yake Barghash aliyemfuata hakuendelea na kazi hiyo. Majumba yakaanza kubomoka na majani yakaota uani. Wajerumani walipofika mwaka 1887 walikuta mji mdogo. Na mwaka 1891 wakahamisha makao makuu ya serikali yao kutoka Bagamoyo, wakayaleta hapa.

Mwaka 1905 ilianza kujengwa reli ya kati. Ilitoka Dar es Salaam, ikapanda kuelekea Pugu, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Twaitaja reli hiyo kwa makusudi, maana njia yake ya kutoka mjini hupita ubavuni mwa nchi tunayoieleza. Watu wa mashamba ya upande huo waliuona moshi wa gari la moshi kabla hawajaona nyumba ya mabati. Mji uliwapita kwa reli miaka mingi kabla haujawafikia kwa barabara.

Sasa tuangalie jinsi serikali ilivyougawa mji. Wajerumani waliandika sheria za ujenzi zilizotenga mahali pa Wazungu, mahali pa Wahindi na mahali pa Waafrika, na Waingereza walioutwaa mji mwaka 1916 waliendelea na mpango huo. Upande wa mashariki, karibu na bahari, ukawa Uzunguni. Katikati ikawa Uhindini. Na ng'ambo ya uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, ulioachwa makusudi ili kutenga watu na watu, pakawekwa mji wa Waafrika. Katika ramani, maeneo hayo yalipewa namba: la kwanza, la pili na la tatu. Lakini nani amewahi kumsikia mtu akisema kwamba amezaliwa katika eneo la tatu? Watu walisema, na hata leo husema, Kariakoo.

Jina hilo la Kariakoo lina fundisho kubwa. Katika vita vya kwanza vya dunia Waingereza waliwachukua wanaume wengi sana wa Afrika Mashariki kuwa wapagazi wa jeshi. Jeshi hilo la wapagazi liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukalifanya Kariakoo. Mji ulipotekwa, wapagazi waliwekwa mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamekusudia kuweka mji wa Waafrika na soko lake. Vita vikaisha, wapagazi wakaondoka, na wengi wao walikuwa wamekwisha kufa kwa maradhi na njaa njiani. Bali jina lilibaki. Mwaka 1927 serikali ilisimamisha sanamu ya askari katikati ya mji, na maandishi yake yawataja wapagazi pia. Ni jambo jema. Hata hivyo twathubutu kusema kwamba ukumbusho mkubwa zaidi wa wapagazi wale haukuchongwa na fundi yeyote. Hutamkwa kila siku na kila mwenye kwenda sokoni, hata kama hajui anayemkumbuka.

Kutokana na hayo twaona jambo la kwanza: mpimaji aweza kuchora mtaa, lakini jina hutolewa na midomo ya wakaao humo. Ndiyo maana majina ya Dar es Salaam, ukiyapanga, huonyesha yale ambayo wenyeji waliyaona kwa macho yao.

Kundi moja ni majina ya miti. Mikocheni ni mahali pa mikoche. Mchikichini ni mahali pa mchikichi. Mabibo ni matunda ya mkorosho. Mbuyuni na Miembeni hazihitaji tafsiri. Mgeni apitaye leo Mikocheni, akaona kuta ndefu na magari, hawezi kuitafuta mikoche akaiona kwa urahisi. Lakini jina lamwambia kwamba hapo zamani ilikuwapo, na kwamba watu waliishi kwa kuelekezana kwa miti. Kundi la pili ni majina ya watu. Upande wa Temeke kuna Mtoni kwa Aziz Ali, na huyo alikuwa mjenzi wa majumba katika zama za Waingereza, baba yake Dossa Aziz aliyekuwa miongoni mwa watu wa mwanzo wa chama cha TANU kilichoanzishwa mwaka 1954. Kundi la tatu ni majina ya kazi na vitu: Gerezani, Keko Toroli, Magomeni Mapipa, Buguruni Malapa. Na katika zama za mwisho za ukoloni, serikali ilipojenga safu za nyumba za wafanyakazi, watu walizipa jina moja tu, kota. Hivyo tukawa na Ilala Kota, Magomeni Kota na Temeke Kota.

Kundi la nne ndilo la kale kupita yote, nalo ndilo lenye Vingunguti. Ni majina ya nchi yenyewe, ya kabla ya mji: Ubungo, Ukonga, Kipawa, Kimara, Vituka, Vingunguti. Tazama umbo lake. Hayana ile -ni ya mwisho ambayo Kiswahili cha mjini hupenda kuitia katika majina ya mahali, kama Mikocheni au Gerezani. Yana vichwa vya kale, u- na ki- na vi-, ambavyo lugha za jamii yetu ya Kibantu huvitumia kutaja nchi, na vitu vidogo, na vitu vingi vya namna moja. Basi mtu asemapo Vingunguti, kwa kinywa chake ametaja wingi, hata kama yeye ni mgeni aliyefika jana kwa basi kutoka Mbeya. Jina hilo halikuletwa na mpimaji, wala na gavana, wala na kiwanda. Lilikuwapo katika nchi ya Wazaramo, na wote waliofika baadaye walilipokea kama mtu apokeavyo ufunguo wa nyumba.

Sasa na tuitazame Vingunguti yenyewe. Iko si zaidi ya kilomita 10 kutoka bandarini. Upande mmoja ni Buguruni; upande mwingine ni njia ya kwenda Kipawa na uwanja wa ndege; kusini ni barabara ya zamani ya Pugu, iitwayo sasa Barabara ya Nyerere; na kaskazini kuna bonde la mto Msimbazi, nayo Tabata iko ng'ambo. Kwa serikali ni kata moja, na ndani yake mna mitaa, kama vile Miembeni, Mtakuja na Kombo. Mwanzoni mwa karne ya 20 haya yote yalikuwa mashamba. Mwenye shamba alikuwa na minazi yake, miembe yake, na mpunga wake bondeni.

Mabadiliko yalikuja polepole, kisha yakaja kwa haraka. Katika zama za Waingereza Mwafrika asiye na kazi hakuruhusiwa kukaa mjini apendavyo. Wengi walikamatwa wakarudishwa makwao. Viwanja vilivyopimwa kwa ajili ya Waafrika katika Kariakoo na Ilala vilikuwa vichache kuliko watu. Kisha pande zote mbili za barabara ya Pugu pakatengwa mahali pa viwanda. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, kizuizi kile cha kukaa mjini kikalegea, na watu wakaja kutoka kila mkoa. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu katika mji watu 272,821. Ile ya mwaka 1988 ilihesabu katika mkoa mzima wa Dar es Salaam watu zaidi ya milioni moja na laki tatu. Na stesheni ya TAZARA, ya reli ya kwenda Zambia iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, ilijengwa karibu na hapo. Mfanyakazi wa kiwandani ambaye mshahara wake haukutosha nauli ya kila siku alitafuta mahali pa kukaa ambapo angeweza kwenda kazini kwa miguu. Akavuka reli, akaingia katika mashamba, akauliza nani auzaye kiwanja.

Hapa yafaa tueleze jinsi mauzo hayo yalivyofanywa, kwa kuwa ndani yake mna siri ya maneno yetu. Mnunuzi na mwenye shamba walikwenda pamoja mahali penyewe. Walipatana bei, wakahesabu miti, kwani kwa desturi ya pwani mti ni mali mbali na ardhi uliomo. Mtu aweza kumiliki mnazi katika shamba la mwenziwe. Mipaka ilitajwa kwa vitu vinavyoonekana: toka mwembe huu mpaka njia ile, toka nyumba ya fulani mpaka korongo. Mashahidi walisimama wakasikia. Tangu katikati ya miaka ya 1960, mjumbe wa nyumba kumi naye aliitwa, akatia sahihi yake katika karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Karatasi hiyo haikuwa na ramani. Ilikuwa na majina tu: jina la muuzaji, jina la mnunuzi, majina ya mashahidi, majina ya majirani, na jina la mahali.

Kwa mujibu wa sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ardhi yote ya nchi ilitangazwa kuwa ya umma, chini ya mamlaka ya Gavana. Na baada ya uhuru mamlaka hayo yakawa ya Rais. Basi mtu aliyejenga Vingunguti bila kupimiwa kiwanja alikuwa na hali mbili kwa wakati mmoja. Kwa majirani zake alikuwa mwenye nyumba, mtu mzima mwenye haki na heshima. Kwa ofisi alikuwa mtu asiyeonekana, au aliyeonekana siku ya kubomolewa. Kilichomshikilia kati ya hali hizo mbili ni ile karatasi ya majina, na kumbukumbu za walioshuhudia. Ndiyo maana twasema kwamba jina ni daftari.

Nyumba zilizojengwa zilikuwa za namna ijulikanayo pwani yote, nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ua nyuma wenye jiko na choo. Za kwanza zilikuwa za miti na udongo na makuti, au ziliezekwa kwa madebe yaliyofunguliwa na kupondwa. Baadaye zikaja kuta za matofali na mabati. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, akapangisha vingine. Kwa njia hiyo Mzaramo, Mluguru, Mha, Mnyamwezi na Mmakonde walikutana katika ukumbi mmoja, wakachota maji katika pipa moja, wakalaumiana juu ya zamu ya kufagia, na watoto wao wakakua na lugha moja. Hakuna shule ya Kiswahili iliyopita ukumbi huo.

Na hapo ndipo majina mapya yalipozaliwa ndani ya jina la kale. Miembeni hukumbusha miti ya mashamba. Kombo lina sura ya jina la mtu, na ni jina la mtu lililo maarufu pwani na visiwani. Mtakuja ni neno lililo wazi kwa kila ajuaye Kiswahili: leo mwatucheka, kesho mtakuja. Jina hilo limeenea pengi nchini, maana kila mji una ukingo wake, na kila ukingo una watu waliotangulia kuukaa wakati wengine walipouona kuwa mbali. Tukilisoma vizuri twaona kwamba si jina la mahali tu, ni jibu. Na limekuwa la kweli: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika kata ya Vingunguti watu zaidi ya laki moja.

Lakini haifai tusimulie mema peke yake. Mji una desturi ya kupeleka pembeni yale usiyoyataka machoni pake, nayo Vingunguti ilipokea sehemu kubwa. Kwanza, yalichimbwa hapo mabwawa ya majitaka, ambayo maji machafu ya sehemu nyingine hukusanywa na kuachwa jua na upepo viyasafishe. Pili, likaja jaa la taka. Kabla yake taka za mji zilitupwa Tabata. Wakazi wa huko wakaenda mahakamani mwaka 1988, wakashinda, na jaa likafungwa mwaka 1991. Taka hazikukoma, zilivuka mto zikaja Vingunguti, zikatupwa huko kwa muda wa kama miaka kumi, hata zilipohamishiwa Mtoni mwaka 2001. Hapa msomaji na atafakari. Haki iliyopatikana upande mmoja wa mto iligeuka kuwa mzigo upande wa pili, kwa sababu hukumu iliondoa taka mahali zilipokuwa, lakini haikuweza kuuambia mji uzipeleke wapi kwa haki.

Tatu, ni machinjio. Ng'ombe wa Shinyanga, Tabora, Singida na Dodoma hushushwa katika mnada wa Pugu, na wengi wao huishia Vingunguti. Kutoka hapo nyama huenda katika mabucha ya mji mzima kabla jua halijapanda. Kwa miaka mingi machinjio hayo yalikuwa madogo na machakavu kuliko kazi yake. Baada ya Rais John Magufuli kuyatembelea mwaka 2019, Shirika la Nyumba la Taifa lilipewa kazi ya kujenga machinjio mapya, na machinjio hayo yakajengwa hapo hapo. Wachinjaji, wachunaji, wauza vichwa na miguu, mama wauzao supu, vijana wa mikokoteni: wote hao hupata riziki yao hapo. Nne, ni mto wenyewe. Msimbazi hutoka katika vilima vya Pugu, hupita Vingunguti, hushuka mpaka Jangwani, mahali paitwapo jangwa na pafurikapo maji, kisha humwagika baharini penye daraja la Selander. Mvua za Desemba 2011 zilileta mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40 katika mji, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Vingunguti, kila masika, mto humega ukingo, na mwenye nyumba ya bondeni halali usingizi mzito.

Kwa sababu ya mambo hayo manne, jina la Vingunguti likageuzwa na watu wa sehemu nyingine kuwa neno la dharau. Kijana aulizwapo kazini akaapo wapi, pengine husema Buguruni, au husema karibu na TAZARA, ili asichekwe. Sisi twaona kwamba hilo ndilo dhara kubwa kuliko harufu ya jaa. Jaa lilihamishwa. Machinjio yalijengwa upya. Lakini mtu akionea haya jina la mahali alipozaliwa, amepoteza karatasi ile ya mashahidi ambayo baba yake aliitunza ndani ya sanduku.

Na haya hiyo haina msingi, kwani wakazi wenyewe wamefanya kazi ya kuheshimiwa. Tutataja moja. Kwa miaka mingi majitaka ya mji yalipita karibu na nyumba za Vingunguti yakienda mabwawani, lakini nyumba hizo zenyewe hazikuunganishwa; vyoo vyake vilijaa, na wakati wa masika vilifurika uani. Katika miaka ya 2010 wakazi wa baadhi ya mitaa, wakisaidiwa na mashirika ya kiraia, walichimba mitaro wakalaza mabomba membamba katika vichochoro ambamo gari haliwezi kupita, yakapeleka maji machafu katika mabwawa yale yale. Kazi hiyo haikuwezekana bila mapatano kati ya majirani, maana bomba la mmoja lazima lipite katika ua wa mwingine. Basi mzigo ulioletwa na mji umegeuzwa na wenyeji, japo kwa sehemu, kuwa faida yao.

Serikali nayo imebadili njia yake. Zamani dawa ya mitaa isiyopimwa ilikuwa kubomoa. Mwaka 1972 ilikubaliwa kwamba yafaa kuitengeneza mitaa hiyo kuliko kuivunja, na Manzese ikawa miongoni mwa za kwanza kupata barabara na mabomba kwa mpango huo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilitambua haki za watu waliojenga bila kupimiwa, na tangu mwaka 2004 zikaanza kutolewa leseni za makazi katika Dar es Salaam. Leseni hiyo si hati kamili, na muda wake ni mfupi. Lakini mtu aliyekuwa haonekani amepata kuandikwa. Kisha mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, ikafanywa kazi ya anwani za makazi nchini kote: kila njia ipewe jina, na kila nyumba namba, na vibao visimikwe.

Kazi hiyo ni njema sana. Mgonjwa hufikiwa upesi, barua hufika, moto huzimwa kabla haujasambaa. Lakini yatupasa kujua kwamba siku njia inapoandikwa jina katika kibao, majina mengine yote iliyoitwa huanza kufa. Njia moja yaweza kuwa na majina matatu: wazee huiita kwa mti uliokuwapo, wanawake huiita kwa kisima, na vijana huiita kwa duka. Mwandishi wa kibao huchukua moja, au huleta la nne kutoka ofisini. Asipouliza, hufuta historia bila kukusudia, wala hapana atakayemshitaki, kwa kuwa waliofutiwa hawana karatasi nyingine.

Basi tunataka kumaliza mazungumzo haya kwa shauri, wala si shauri gumu. Katika kila mtaa wa Vingunguti, na Buguruni, na Kiwalani, na Manzese, wangali wako wazee walionunua viwanja wakati minazi ilipokuwa ikihesabiwa. Wako pia wajukuu wa wale waliouza. Walimu wa shule za mitaa hiyo wawape wanafunzi kazi ya kuwauliza: Njia hii iliitwaje kabla ya kibao? Mti uliokuwa hapa ulikuwa wa nani? Nani alisimama shahidi? Majibu yaandikwe katika daftari, pamoja na jina la aliyesema na tarehe. Yakipingana, yaandikwe yote mawili, kwani hata ubishi wa wazee ni habari. Daftari moja liwekwe shuleni, na jingine katika ofisi ya serikali ya mtaa.

Mji wa Dar es Salaam ulihesabiwa mwaka 2022 ukaonekana kuwa na watu 5,383,728, na sehemu kubwa yao hukaa katika mitaa ambayo haikuchorwa na mpimaji kabla haijajengwa. Ikiwa historia yao haitaandikwa, watakaokuja watadhani kwamba mji huu ulijengwa na Sultani mmoja, magavana kadhaa na makampuni. Ulijengwa pia na mtu aliyevuka reli jioni, baada ya kazi, akakubaliana bei chini ya mwembe, akauliza: Mahali hapa panaitwaje? Akajibiwa, Vingunguti. Naye akaliandika jina hilo katika karatasi yake, akaikunja, akaiweka akiba kwa watoto wake.